Mfuko wa Mtaa na Amana Yake

Katika mitaa mingi ya mwambao wetu iko jumuiya ya hisani iliyotangulia sheria na usajili, isiyo na kibao mlangoni wala barua yenye mhuri, nayo ni chama cha maziko. Mtu afapo usiku, jua halijapanda sana sanda imekwisha kununuliwa, jeneza limetolewa msikitini, majamvi yametandikwa, masufuria makubwa yamewekwa mafigani, na wafiwa, wawe wakwasi au mafukara, hawaulizwi hata thumni. Nalitaja jambo hili mwanzo kwa kuwa wengi wenye azma njema ya kuanzisha mfuko wa wahitaji hudhani kwamba wanaleta kitu kipya, wakaanza kutafuta wafadhili wa mbali, ilhali mlango wa pili wakaa wazee ambao kwa miaka mingi wamekusanya michango midogo midogo kwa watu bila ya ugomvi, na ambao yafaa waulizwe kabla ya mtu mwingine yeyote.

Chama cha maziko kina wepesi mmoja ambao mfuko wa maskini hauna: hakuna awezaye kujifanya amefiwa. Dhiki ya walio hai ina milango mingi, na mara nyingi aliyebanwa zaidi ndiye asemaye kidogo. Kwa hiyo waasisi, wakikutana barazani kwa mara ya kwanza, wajitahidi kuchagua haja moja au mbili zinazolingana na nguvu zao, kama vile sare na madaftari ya mayatima, nauli za wagonjwa waendao kliniki, au chakula cha wazee wasio na watoto, kisha waiandike haja hiyo katika katiba yao kwa maneno machache yasiyokubali tafsiri mbili. Waandike pia ni nani atakayesaidiwa. Sewa Haji Paroo, tajiri aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1851 na kuneemeka Bagamoyo kwa biashara ya misafara iendayo bara, alipoitoa nyumba yake ya mawe pale Bagamoyo iwe skuli chini ya utawala wa Wajerumani, alitia sharti kwamba watoto wa kila taifa na rangi wapokewe humo. Alifariki mwaka 1897, na hospitali iliyobeba jina lake Dar es Salaam ndiyo mzizi wa Muhimbili ya leo, ambako jina hilo lingali juu ya jengo moja la wagonjwa. Utajiri wake wachache wetu tutaupata. Lakini sharti lile, lililowekwa katika zama ambazo watu walitengwa kwa rangi, halikumgharimu mali, na kila kikundi cha watu kumi chaweza kuliweka lake.

Juu ya sheria sitakawia. Tanzania Bara, Sheria ya Mashirika Yasiyo ya Kiserikali, Namba 24 ya mwaka 2002, yaruhusu shirika kusajiliwa kwa ngazi ya wilaya, ya mkoa au ya taifa, na kwa jumuiya ya mtaa ngazi ya wilaya yatosha. Pa kuanzia ni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, mkiwa na katiba, muhtasari wa mkutano wa waasisi wenye saini zao, na maelezo ya viongozi. Kenya, sheria ya mwaka 2022 ya usajili wa vikundi vya kijamii yataka wanachama wasiopungua kumi. Ikiwa jumuiya itamiliki kiwanja au nyumba, na iwe na wadhamini waliosajiliwa, kazi ambayo Tanzania Bara hufanywa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ili hati isikae kwa jina la mtu mmoja ambaye siku akifa warithi wake wataihesabu katika mirathi.

Jambo la fedha ndilo nililo na uchungu nalo. Niliwahi kuwa mwanachama wa mfuko mmoja uliokufa katika mwaka wake wa tatu. Mweka hazina wetu alikuwa mtu mwema, mwenye murua, na michango yote aliipokea kwa simu yake mwenyewe, ikachanganyika na mauzo ya duka lake. Akaugua, akapelekwa mbali kutibiwa, na aliporejea akaulizwa hesabu hakuwa na cha kuonyesha. Siamini kwamba aliiba; lakini waliosema ameiba na waliosema hakuiba wote walikosa ushahidi, na wale wajane kumi na wawili waliokuwa wakipata unga kila mwezi hawakuupata tena. Yule mzee hakuhudhuria baraza tena hata akafa. Sisi tuliomwachia mzigo ule peke yake, kwa kuona haya kumwomba daftari, ndio tuliomdhulumu.

Tangu siku ile nasema pasipo haya: kumdai mwaminifu hesabu ni kumhifadhi. Akaunti iwe ya jumuiya, ya benki yenye saini tatu au ile ya kikundi katika simu, ambayo mmoja hawezi kutoa mpaka wenzake waidhinishe. Kila apokeaye aandike stakabadhi, hata kwa shilingi mia tano, na hesabu isomwe kwa sauti mbele ya wote kila baada ya miezi mitatu. Zaka iwekewe daftari lake mbali na sadaka, kwa kuwa sadaka yaweza kumfikia mhitaji yeyote, jirani Mkristo au Mwislamu, na zaka ina watu wake wanane waliotajwa katika Sura ya Tawba. Yafaa kuzingatia kwamba miongoni mwa hao wanane wamo wale wanaoikusanya na kuigawa. Basi malipo ya mtumishi, nauli ya mjumbe na bei ya karatasi si aibu kwa mfuko wa hisani. Aibu huingia pale gharama hizo zinapofichwa.

Mfuko ukikua, usitegemee milele mikono ya wachangiaji, ambayo huchoka. Wazee wetu walikuwa na wakfu: mtu huifunga nyumba au shamba isiuzwe, isirithiwe, wala isitolewe zawadi, na mapato yake yakaenda alikokutaja, kwa msikiti, kwa kisima, au kwa maskini wa mji. Mji Mkongwe wa Zanzibar umejaa nyumba za namna hiyo, na ipo Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana ya kuzisimamia. Kibanda kimoja cha sokoni kilichonunuliwa kwa akiba ya miaka mitano na kupangishwa huleta kodi hata katika mwezi ambao hakuna aliyechanga.

Yabaki namna ya kutoa. Siku hizi nawaona wazee wamepangwa mstari juani, kila mmoja amekumbatia mfuko wa unga, wapigwe picha ili wafadhili waone. Na mama ambaye miaka thelathini aliitunza sitara ya nyumba yake huvuliwa kwa dakika moja. Daftari lenye saini ya mpokeaji na za mashahidi wawili latosha kuwa ushahidi. Jumuiya moja niijuayo hufanya hivi: mwanzo wa mwezi katibu hulipa kwa mwenye duka la mtaa, mtu wa siri, akamwachia orodha ya majina na kiwango cha kila mmoja. Mwenye jina huja saa aipendayo, na kikapu chake, kama mnunuzi mwingine yeyote, akaonja dengu kwa jino, akaukataa mchele wenye chuya, akaagiza apimiwe ule wa gunia la pili.