Ziwa Linapokosa Pumzi

Mtu akianza kuhema kwa shida, hata jirani asiye daktari hujua kuwa hali si njema. Ziwa nalo huhema. Alfajiri mkiwaona samaki wamejaa juu ya maji, vinywa wazi, jueni kwamba maji yale yamepungukiwa na hewa. Mwezi huu tunapenda kuzungumzia ugonjwa huu, kwa sababu maji yanayowaua samaki ndiyo hayo hayo tunayochota kwa ndoo.

Mfano wetu ni Ziwa Naivasha, katika Bonde la Ufa nchini Kenya. Ni ziwa dogo la maji baridi, lenye kina kifupi, na liko karibu mita 1,890 juu ya usawa wa bahari. Mito yake mikubwa ni Malewa na Gilgil. Hakuna mto unaoonekana ukitoka humo. Maji hupenya chini ya ardhi, na ndiyo maana hayakugeuka magadi. Lakini uchafu mwingi unaoingia na mito hubaki humo humo.

Yaliyotokea mwaka 2010

Mwaka 2009 ukame ulikuwa mkali na ziwa likanywea sana. Kisha mvua zikanyesha, zikakokota udongo, samadi na takataka mpaka ziwani. Mwezi wa Februari 2010 samaki wengi walionekana wakielea wamekufa. Watu wengi walizinyoshea kidole dawa za mashamba ya maua yanayolizunguka ziwa. Wataalamu wa serikali waliochunguza walieleza kwamba samaki walikosa oksijeni. Hata hivyo, jibu hilo halimwondolei mtu lawama. Swali linalofuata ni hili: nani aliimaliza hiyo oksijeni?

Samaki hukosaje hewa ndani ya maji?

Samaki huvuta oksijeni iliyoyeyuka katika maji. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Mbolea, samadi na maji ya vyoo vikiingia ziwani, huwa chakula cha mwani, yaani vile vijimea vidogo vinavyofanya maji yawe ya kijani. Mchana mwani hutoa oksijeni, lakini usiku nao huitumia. Ukifa na kuoza, bakteria wanaouozesha huitumia zaidi. Kwa hiyo saa ngumu kwa samaki ni zile za kabla ya jua kuchomoza. Upepo mkali nao ukivuruga maji, yale ya chini yasiyo na hewa hupanda juu, na samaki hawana pa kukimbilia.

Zamani ziwa lilikuwa na kinga yake: mafunjo. Yalizuia udongo na kunyonya mbolea kabla maji hayajafika katikati. Sehemu kubwa ya mafunjo hayo imekatwa, imelimwa au imeliwa na mifugo. Tumelivua ziwa nguo, kisha tunashangaa kwamba linaugua.

Afya yetu iko wapi hapo?

Kwanza, samaki aliyekutwa amekufa asiliwe, asiuzwe, wala asipewe mbwa au nguruwe. Hatujui amekufa kwa nini, na juani huoza upesi. Zipo sumu ambazo moto wa jikoni hauziondoi. Samaki mzuri ana macho maang'avu, matamvua mekundu, na nyama yake ukiibonyeza hurudi.

Pili, maji ya kunywa yachujwe kwa kitambaa safi, kisha yachemshwe mpaka yatokote. Kuchemsha huua vijidudu vya kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara. Lakini hakuondoi dawa za shambani. Wala hakuondoi sumu inayotolewa na aina fulani za mwani. Maji yenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika yasichotwe kabisa, na watoto na mifugo wazuiwe kuyagusa.

Tatu, mafuriko. Mwaka 2020 ziwa hilo hilo lililokuwa limenywea lilifurika hadi kuingia katika nyumba za mtaa wa Kihoto. Choo cha shimo kikifunikwa na maji, kilichomo husambaa. Wakati kama huo kila tone lihesabiwe kuwa chafu mpaka litibiwe.

Tufanye nini?

1. Tusilime mpaka ukingoni. Tuache ukanda wa nyasi, miti au mafunjo kando ya mto na ziwa.

2. Walio na mashamba ya miinuko wachimbe makinga maji. Udongo unaobaki shambani huotesha mahindi. Unaofika ziwani huotesha mwani.

3. Bomba la kunyunyizia dawa lisioshwe mtoni, na makopo ya dawa yasitumiwe kuchotea maji.

4. Nguo zifuliwe mbali na ukingo, na maji ya sabuni yamwagwe nchi kavu.

5. Choo kichimbwe angalau mita 30 kutoka penye maji.

6. Mkiona samaki wanakufa, toeni taarifa siku hiyo hiyo kwa ofisi ya uvuvi au ya afya. Maji yapimwe mapema, kwani ushahidi hupotea upesi.

Mwenye shamba kubwa na mwenye mbuzi wawili wote wamo katika habari hii. Anayelima milimani, kwenye chemchemi za Malewa, huenda hajawahi kuliona ziwa, lakini udongo wake umekwisha kufika. Mvuvi wa Naivasha hawezi kumsimamia jirani aliye mbali namna hiyo. Anaweza tu kuamka alfajiri na kutazama samaki kama wanahema.

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa ziwa huanzia shambani kwetu, na hapo ndipo pa kuuziba.