Rumba na Mavazi (4): Suruali Iliyoshuka Jukwaani

Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliiandika rumba ya Kongo zote mbili katika urithi wa binadamu. Tulishangilia, hata sisi wa Ituri tuliokuwa chini ya utawala wa kijeshi tangu Mei mwaka huo. Wengi walisifu gitaa na sauti. Mimi nataka kusifu suruali.

Abakosti, koti ambalo Rais Mobutu wa Zaire (leo Kongo ya Kinshasa) aliliweka badala ya suti na tai, nimekwisha kuieleza. Itoshe kukumbuka kwamba tai ilikuwa marufuku. Katika Zaire hiyo mwimbaji Papa Wemba, mzaliwa wa Lubefu, aliyepitia bendi ya Zaiko Langa Langa, aliunda bendi yake, Viva la Musica, mwaka 1977. Alipanda jukwaani na suruali pana yenye marinda kiunoni, iliyoishia juu ya kifundo ili kiatu kionekane. Mshono huo ulikuwa wa miaka ya 1930, lakini ulifaa ngoma: goti likikunjwa kitambaa hakibani, na mtazamaji anaona mguu unavyokwenda. Vijana wa Matonge, Kinshasa, wakaivaa mchana kweupe, sokoni na msibani. Wakadai pia usafi: kunyoa, kuoga, kupaka marashi. Hilo ndilo ninalolipenda zaidi katika Sape, yaani utamaduni huo wa kuvaa kwa umaridadi, na ndilo linalosahauliwa upesi.

Aprili 24, 1990, Mobutu aliporuhusu vyama vingi, aliruhusu na tai, ingawa alisema yeye hataivaa. Tarehe hiyohiyo mwaka 2016 Wemba alianguka jukwaani Abidjan, akafa.

Kutoka jukwaani, vazi husafiri kwa macho na kwa masikio. Wachezaji huvaa sare, basi jicho linaliona mara kumi kwa wimbo mmoja. Mwimbaji naye hutaja majina ya wabunifu, na kijana hulijua jina kabla hajaigusa nguo. Zamani zilikuwa kaseti, leo ni simu.

Hivyo ndivyo vazi linavyofika hata kwetu Fataki, katika Djugu. Kijana anauza mbuzi wa mama yake anunue viatu vyenye jina la Paris, huku familia nyingi za Djugu zikilala katika kambi za waliokimbia vita. Hiyo si Sape, ni ujinga wenye marashi. Vijana, sikukuu zikikaribia nunueni kitambaa, mpelekeeni fundi wa cherehani wa hapahapa, mwonyesheni picha ya Wemba, na mlipeni kabla ya Noeli.