Mupira wa baridi uliorudi mdogo bado ni mali

Wengi wetu tulishafanya kosa hili. Unachukua mupira wa baridi, ule mzito wa sufu, unautia ndani ya maji ya moto na sabuni, unaufikicha kwa nguvu kama vile unafua suruali ya jinsi. Ukiuanika, unakuta mupira wa mtu mzima umekuwa wa mtoto wa miaka mitano. Mimi niliufanyia hivyo mupira wa dada yangu, na paka leo bado anaudai.

Lakini kabla ya kuutupa, uushike vizuri. Kitambaa kimekuwa kinene. Nyuzi hazionekani tena moja moja. Ukate kwa makasi: haufumuki, hata usipoupinda wala kuushona pembeni. Kwa fundi wa kushona, hapo ndipo habari inaanzia.

Mtu anaweza kuuliza, sufu inatuhusu nini sisi wa Baraka na joto hili? Inatuhusu kwa sababu ya balo. Muuzaji wa mitumba ananunua balo ikiwa imefungwa, haoni kilicho ndani. Akiifungua, mashati na blauzi zinaenda mbio. Mipira ya sufu inabaki chini ya rundo, na ile yenye tundu kwenye kiwiko haina hata anayeuliza bei. Wakati huo huo, huko juu Minembwe na kwenye milima ya Itombwe, ambayo vilele vyake vinapita mita 3,000, watu wanatafuta kitu cha kujifunika usiku, sana sana kati ya Juni na Agosti. Kitu kinachomtia muuzaji hasara huku kando ya ziwa ndicho kinachohitajika kule.

Na si sisi wa kwanza kuona mali ndani ya sufu kuukuu. Huko Batley, Uingereza, mwaka 1813 mtu aitwaye Benjamin Law alianza kuchana nguo chakavu za sufu na kutengeneza uzi upya. Mji wa Prato, Italia, mpaka sasa unajulikana kwa kazi hiyo. Wao wana mashini kubwa. Sisi tuna beseni na mikono, na kwa kazi ya kushikanisha sufu inatosha.

Sababu ya sufu kushikana ni hii: unywele wa kondoo una magamba madogo sana, kama ya samaki, ambayo jicho haliyaoni. Maji ya moto na sabuni vinayafungua. Ukisugua, nywele zinaingiliana, magamba yanakamatana, na hayaachiani tena. Pamba haina magamba hayo. Nailoni na akriliki, sufu ile ya uongo, hazina pia. Ndiyo maana unaweza kuzisugua paka usiku na hazitashikana.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kuchagua. Soma etiketi ndani ya shingo: tafuta neno «laine», «wool», «lana» ama «Wolle», na iwe angalau asilimia 80. Kama etiketi imekatwa, vuta uzi mdogo, uuchome kwa kiberiti mbali na nguo zingine. Sufu ya kweli inaungua polepole, inanuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake yanasagika kwenye vidole. Ile ya uongo inayeyuka kama sashe na kubaki tone gumu jeusi. Jihadhari na mipira ambayo imeandikwa kwamba inafuliwa kwa mashini: hiyo magamba yake yalishafunikwa kiwandani, utapoteza makala yako bure.

Toa vifungo na zipu. Nyeusi na nyekundu zifuliwe peke yake, zinachuja rangi. Sabuni ya mawese ya hapa kwetu inafaa kabisa. Maji yawe ya moto kiasi kwamba mkono hauwezi kukaa ndani. Tumia mti ama mchi safi kutwanga, na yakipoa kidogo unasugua kwa mikono, nguo kwa nguo. Inachukua nusu saa, pengine saa nzima. Katikati uitoe, uitie kwenye maji ya baridi, kisha uirudishe kwenye moto. Ukiona imepungua karibu theluthi na nyuzi zimepotea, imeshafika. Usiinyonge, ikamue kwa kuibana, halafu uitandike chini ya kivuli. Kuhusu makala, tusidanganyane: kuchemsha maji kwa mupira mmoja ni hasara. Kusanya mitano ama sita, na acha bidoni nyeusi juani toka asubuhi ili maji yafike kwenye mbabula yakiwa vuguvugu.

Kwa blanketi, kata vipande vya mraba vyenye kipimo kimoja. Usivilaze kimoja juu ya kingine, vitakuwa vinene na sindano itavunjika. Viweke ubavu kwa ubavu, uvishone kwa mshono wa nyokanyoka, sindano namba 16. Cherehani ya mguu isiyo na mshono huo inaweza kusaidiwa na mkono na uzi mnene. Nyuma unashona vipande vya kitenge. Ni zito, kwa hiyo si la kumfunika mtoto mchanga usoni, na siku ya kulifua ni maji ya baridi tu. Kila mara lipigwe jua, kwa maana kuna wadudu wanaokula sufu.

Kitu kingine, na mimi ndicho ninachokipenda zaidi, ni kikapu cha kutunza joto. Chukua kikapu kikubwa, upange sufu nene chini na pembeni, tengeneza mto wa sufu wa kufunika juu. Maharage yaliyolala ndani ya maji usiku yachemke kwa nguvu nusu saa, kisha sufuria na mfuniko wake iingie kikapuni, ifunikwe, iachwe saa nne ama tano bila kufungua. Yanaendelea kuiva bila moto. Ukiyatoa, yarudishe motoni yachemke tena kabla ya kula. Sufu haishiki moto haraka, lakini usikiweke kikapu karibu na mbabula.

Vipande vidogo vinavyobaki vinaingia ndani ya viatu kama soli, ama vinashikia sufuria ya moto. Mupira wa dada yangu ulitoa soli jozi mbili na mfuko wa simu. Mfuko amekubali kuupokea. Deni bado.