Zawadi za Krismasi na Safari ya Posta

Kila mwaka mambo huwa yale yale. Sikukuu ikiisha kufika mlangoni ndipo watu wanapowakumbuka jamaa zao walio mbali, na katikati ya mwezi wa Desemba afisi za Posta hujaa watu waliobeba vifurushi. Kifurushi kilichopelekwa siku hizo huenda kikafika salama. Lakini shati la mtoto likifika mwezi wa Januari, mtoto mwenyewe amekwisha kwenda kanisani na shati lake la zamani.

Kosa la wengi ni kuhesabu mwendo wa mji hata mji peke yake. Katika Kenya vifurushi kwa desturi havipelekwi mpaka nyumbani. Huwekwa Posta, na mwenyewe huachiwa karatasi ya kumwarifu katika sanduku lake, aende na kitambulisho akachukue mzigo. Ikiwa mama huenda mjini siku ya soko tu, basi yapasa kuongeza juma zima. Tena watu wengi wa mashamba hawana sanduku lao wenyewe, bali hutumia la shule au la kanisa. Shule hufungwa kabla ya Desemba na kufunguliwa Januari, na sanduku laweza kukaa muda huo wote bila mtu kulitazama. Kwa hiyo jambo la kuuliza kwanza, hata kabla ya kununua zawadi, ni hili: ufunguo wa sanduku u kwa nani, naye atakuwa wapi mwezi wa Desemba? Siku hizi simu moja yatosha kulijua hilo. Kifurushi kisichochukuliwa kwa muda uliowekwa hurudishwa kwa aliyekipeleka.

Yafaa pia kuitazama kalenda. Tarehe 12 Desemba ni sikukuu ya Jamhuri, na tarehe 25 na 26 ni siku za mapumziko. Mvua za vuli nazo huwa hazijakwisha. Mwezi wa Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara ya Garissa, na magari yakakwama. Apelekaye kifurushi ndani ya nchi na awe amekwisha kukitoa mkononi kabla ya sikukuu ya Jamhuri.

Kwa nchi za ng'ambo, Desemba ni kuchelewa. Njia ya ndege yataka kifurushi kiondoke katikati ya Novemba, au mapema zaidi. Njia ya meli huhesabiwa kwa miezi, wala haina ahadi. Mwishoni mwa mwaka 1956 Mfereji wa Suez ulifungwa, na meli za Ulaya zikalazimika kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema. Ukafungwa tena tangu 1967 hata 1975. Na mwezi wa Desemba 2023 kampuni nyingi za meli ziliiacha njia ya Bahari ya Shamu kwa sababu ya mashambulizi, zikarudia mzunguko ule ule wa zamani. Posta za nchi nyingi hutangaza siku ya mwisho ya kupeleka vifurushi vya Krismasi, lakini siku hiyo ni ukingo wa shimo; haifai kuikaribia.

Linalochelewesha zaidi ni forodha. Katika hati ya forodha watu hupenda kuandika neno "zawadi" tu, wakidhani wamemaliza. Zawadi si jina la kitu. Andika "kikapu kimoja cha kiondo" au "kahawa iliyokaangwa, nusu kilo", pamoja na uzito na thamani yake ya kweli. Tangu Machi 2021 nchi za Umoja wa Ulaya hutaka habari hizo zitangulie kwa njia ya kompyuta kabla ya kifurushi chenyewe kupakiwa, na kisicho na habari kamili chaweza kurudishwa. Uingereza haitozi kodi zawadi ya mtu kwa mtu isiyozidi thamani ya pauni 39. Umoja wa Ulaya, yuro 45. Vileo, tumbaku na manukato vina sheria zake. Nyama na vitu vya maziwa vitokavyo Kenya havikubaliwi huko, hata kama mama amevitengeneza kwa mkono wake. Embe nazo, ingawa Desemba ni wakati wake katika pwani, na ziliwe nyumbani.

Kifunge kitu kwanza katika mfuko wa plastiki, kisha katika sanduku gumu lisilo na nafasi ya kutikisika. Anwani na iwe na nambari ya sanduku na nambari tano za afisi ya Posta: Nairobi pekee ina afisi nyingi, na 00100 si mahali pamoja na 00200. Weka na karatasi nyingine yenye anwani zote mbili ndani ya kifurushi, kwani iliyo nje ikilowa au ikibanduka, mtumishi wa Posta hana njia nyingine ya kumjua mwenyewe.