Kweli au uongo: maneno ya gereji kuhusu gari la porini

Ikifika Juni, masika yakishakatika na barabara zikianza kukauka, gereji za Arusha hujaa magari ya kwenda porini, na maneno huanza. Fundi ana yake, dereva mzoefu ana yake, muuza spea ana yake. Mwenye gari, ambaye shida yake ni kwenda kupiga hema Ziwa Natron na watoto, anatoka pale na orodha ya manunuzi inayotosha kuvuka Sahara. Ukiipitia orodha hiyo utaona hela nyingi zimeelekezwa kwenye vitu vinavyopendeza kwenye picha: bampa la chuma, taa za juu, winchi, keria. Mpira wa rejeta wenye nyufa haumo. Basi tuyapime maneno hayo.

"Themostati ni ya Ulaya kwenye baridi. Huku kwetu ing'oe."

Uongo, na ndio ninaoupigia kelele kuliko yote. Themostati hukaa kwenye njia ya maji ya injini. Injini ikiwa baridi, huziba njia ya kwenda kwenye rejeta ili maji yazunguke ndani tu na injini ipate moto haraka. Joto likifika digrii 80 hivi, hufunguka. Kazi yake ni kuiweka injini kwenye joto lake, na joto hilo ni lile lile, uwe Moscow au Mto wa Mbu. Ukiing'oa, injini ya dizeli huchelewa kupata moto, hula mafuta zaidi na huchakaa mapema. Kibaya zaidi, kwenye injini nyingi themostati ina sahani ya pili upande wa chini, ambayo huziba njia ya mkato pale njia ya rejeta inapofunguka. Sahani hiyo isipokuwepo, sehemu ya maji ya moto hujizungukia ndani bila kupita kwenye rejeta. Kwa hiyo gari lililong'olewa themostati ili lisichemke linaweza kuchemka lile lile, likipanda ukuta wa Bonde la Ufa kutoka Mto wa Mbu.

Mara nyingi themostati hung'olewa kwa sababu gari liliwahi kuchemka na fundi akatafuta njia fupi. Ugonjwa wenyewe unabaki: rejeta iliyoziba, feni isiyoshika, pampu ya maji iliyochoka, au mfuniko wa rejeta. Huo mfuniko watu wanaudharau sana. Maji huchemka kwa digrii 100 usawa wa bahari, lakini ukingoni mwa Ngorongoro, zaidi ya mita 2,200 juu, yanachemka kwenye digrii 92 au 93. Kinachoyatuliza ndani ya rejeta ni shinikizo, na shinikizo linashikwa na mfuniko. Raba yake ikichoka, umepoteza kama digrii 20 za usalama kwa ajili ya spea ya bei ndogo. Maji ya bomba matupu nayo yaache; kulanti huongeza joto la kuchemka na huzuia kutu inayoziba hiyo rejeta.

"Ukiwa na snokeli, mto wowote unavuka."

Uongo. Snokeli inazuia jambo moja: maji yasiingie kwenye injini kupitia njia ya hewa. Si jambo dogo, maana maji hayabanwi, na pistoni ikikutana nayo konrodi inapinda. Lakini Toyota wenyewe huipa Land Cruiser ya mfululizo wa 70 kikomo cha milimita 700 za maji, na Defender ya zamani ilipewa milimita 500. Sababu ni kwamba gari lina matundu mengi mengine.

Chukua difu. Umeendesha saa mbili, difu na oili yake vimepata moto. Unaingia mtoni, difu inapoa ghafla, hewa iliyomo ndani inasinyaa, na difu inavuta kutoka nje. Kama kipumulio chake, kile kijitundu chenye kifuniko juu ya ekseli, kiko chini ya maji, kinachovutwa ni maji. Kikiwa kimeziba kwa matope, yatavutwa kupitia sili. Siku hiyo hutaona kitu. Wiki ya pili ukifungua nati ya difu, oili inatoka kama chai ya maziwa, na beringi zimeshaanza kuliwa. Dawa ni mpira mwembamba unaofungwa kwenye kipumulio na kupandishwa hadi ndani ya boneti. Bei yake ni sehemu ndogo sana ya bei ya snokeli. Na kama maji yana mwendo, subiri: sentimita 60 za maji yanayokimbia zinatosha kubeba magari mengi, la fowili likiwemo, na korongo la msimu mara nyingi hupungua baada ya saa chache.

Snokeli nitaisifia kwa jambo lingine, vumbi. Hewa ya juu ya kioo ina vumbi kidogo kuliko ile ya kwenye tairi la mbele. Hata hivyo, kinachokuokoa ni filta iliyokaa vizuri. Ukiifungua jioni, pitisha kidole ndani ya bomba la hewa, upande wa baada ya filta. Kidole kikitoka na vumbi, kuna mahali panapitisha, na injini imekuwa ikila mchanga kutwa nzima.

"Oili ikiwa nyeusi imekufa." Kwa dizeli, uongo. Oili mpya huwa nyeusi baada ya safari chache tu kwa sababu inabeba masizi, na ndiyo kazi iliyotumwa. Hesabu kilomita, fuata kitabu cha gari, na kama unaishi kwenye vumbi badilisha mapema zaidi.

"Mchanga unataka tairi pana."

Hapana; mchanga unataka upepo mdogo. Ukipunguza upepo, alama ya tairi ardhini hurefuka zaidi kuliko inavyopanuka, na urefu huo ndio unaolibeba gari badala ya kulichimbia. Ndiyo maana Land Cruiser nyingi zenye matairi membamba ya 7.50R16 hupita kwenye mito ya mchanga ya Ruaha bila makeke. Gari lililobeba mzigo na lenye upepo wa 40 kwenye lami lishushe hadi 18 au hata 16 kwenye mchanga laini, na mwendo uwe wa taratibu, bila kukata kona kwa ghafla, maana tairi linaweza kuchomoka kwenye rimu. Sharti ni moja: uwe na kompresa ya kurudisha upepo. Tairi lenye upepo wa mchanga likikimbizwa kwenye lami hupata moto hadi likapasuka. Mtu akiniuliza cha kwanza kununua kati ya winchi na kompresa, simwachi amalize swali.

Kwenye ufuko wa Natron upepo mdogo wala tairi la kashata kubwa havisaidii. Pale kuna ganda la magadi juu na tope chini, na ganda likishavunjika gari linakaa. Shuka, tembea kwa miguu kwanza. Hifadhini suala hilo halipo kabisa, kwani kutoka nje ya barabara ni marufuku hata ukiwa na tairi la trekta.

Nyongeza kuhusu tairi: eti likiwa na kashata ndefu ni zima. Uongo, na kwa sisi wanunuzi wa matairi ya mtumba ni uongo hatari. Tafuta ubavuni tarakimu nne zilizofungiwa kwenye kiduara kirefu, mwishoni mwa herufi za DOT. Zikisomeka 2314, tairi limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2014. Raba hukauka hata ikikaa stoo. Ukikunja ubavu kwa kidole gumba na kuona nyufa nyembamba, hilo usiende nalo mahali ambapo fundi pancha yuko umbali wa siku moja.

"Kwenye barabara ya mawimbi kanyaga, gari linaelea."

Nusu kweli, na nusu iliyobaki ndiyo inayopindua magari. Yale mawimbi madogo ya barabara ya changarawe hutikisa gari vibaya zaidi kwenye mwendo wa katikati. Ukifika 70 au 80 tairi linagusa vilele tu na mtikisiko unapungua. Tatizo ni kwamba tairi lisilogusa ardhi halishiki breki wala halifuati usukani, na swala akikatiza mbele yako wewe ni abiria tu. Serengeti mwisho ni kilomita 50 kwa saa, basi hoja imefungwa. Shusha upepo kidogo, nenda polepole, na simama mara moja moja ushike shokapu kwa tahadhari: ikiwa ya moto kiasi cha kuunguza mkono, oili ndani yake imeshaanza kutoa povu na haizuii kitu tena. Ipumzishe. Halafu pitia nati zote. Mawimbi hufungua nati za betri, za keria na za rejeta bila kuaga.

Hapo tumefika kwenye keria. Wengi huiona kuwa stoo. Piga hesabu: hema la juu kilo 60, madumu manne ya maji ya lita 20 kilo 80, madumu mawili ya dizeli karibu kilo 35, tairi la akiba na rimu yake kilo 35 nyingine. Hizo ni kilo 210, keria yenyewe haijapimwa, na zote ziko juu ya vichwa vya abiria. Kila kona gari linalala upande, na kila shimo linapiga nguzo za bodi hadi zinapata nyufa pembeni mwa kioo cha mbele. Maji yakae chini, katikati ya ekseli mbili, yafungwe kwa mkanda. Juu weka vyepesi: viti, magodoro. Wengine hudhani dawa ni kuongeza springi. Springi ngumu zinanyanyua gari lionekane halijazidiwa, lakini breki, beringi za magurudumu na fremu zinaendelea kubeba uzito ule ule.

"Land Rover hailiwi na kutu, ni alumini." Bodi, ndiyo, kwa Defender ya zamani iliyokoma kutengenezwa mwaka 2016. Fremu ni chuma, na hasa nyuma inaliwa kimyakimya. Hata hiyo alumini, ikigusana na chuma penye unyevu, huliwa yenyewe. Mtu wa Tanga au Lamu anayenunua gari lililokuwa karibu na bahari alale chini na nyundo ndogo agonge fremu kabla hajalipa.

"Gari la zamani ni salama porini kuliko la kisasa." Kweli kwa kiasi kikubwa, ingawa sababu inayotajwa huwa siyo. Watu husema chuma cha zamani kilikuwa kigumu. Mimi naona sababu ni mafuta. Injini ya 1HZ ya Land Cruiser, iliyotoka mwaka 1990, lita 4.2, silinda sita, bila turbo, ina nozeli pampu ya kimakanika ambayo husamehe uchafu kidogo. Injini za kisasa husukuma dizeli kwa shinikizo la zaidi ya bar 1,000 kupitia vitundu vyembamba mno, na maji kidogo kwenye mafuta yanatosha kuua nozeli ambayo hakuna mtu wa kukutengenezea Loliondo. EWURA ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 kupambana na uchakachuaji, lakini kinasaba hakizuii maji kuingia kwenye pipa la dukani kijijini. Mwenye gari la kisasa jaza tanki mjini, na kila asubuhi legeza kile kinati cha chini ya filta ya dizeli hadi maji yatoke. Mwenye la zamani fanya vivyo hivyo.

Betri ya gari kuendesha friji usiku kucha? Haifai. Betri ya kuwashia imeundwa kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, na ukiinyonya polepole mara kadhaa inakufa. Weka ya pili ya aina inayovumilia kunyonywa, itenganishwe na ya kwanza injini ikizimwa. Kwenye ya pili nayo, kama ni ya asidi, voltimita ikisoma 12.2 baada ya kupumzika ujue umebaki na nusu.

"Hema la juu linakukinga na wanyama." Kidogo. Hata la chini likifungwa vizuri, simba na fisi kwa kawaida hawaliingilii. Linaloleta shida ni harufu. Embe moja ndani ya hema linatosha kumwita tembo, na kiatu kilichoachwa nje fisi atakitafuna. Chakula chote kilale ndani ya gari, vioo vimepandishwa.

La mwisho linaua watu kweli: "Ukinasa, funga kamba kwenye mpira wa trela." Usifanye hivyo. Kile kichwa cha chuma cha kuvutia trela kimetengenezwa kwa mvuto wa taratibu. Kamba inayonyumbuka ikivutwa kwa kishindo hukikata, nacho huruka na kupasua vioo vya magari yote mawili. Funga kwenye ndoano iliyopigiwa nati kwenye fremu, au toa kichwa hicho ufunge kwenye kishikio chake kwa pini. Kwanza chimba mbele ya magurudumu yote manne, shusha upepo, weka vibao. Mara nyingi gari linatoka hapo hapo. Likigoma, tupia blanketi zito katikati ya kamba, na kila asiyeendesha asimame pembeni, mbali kuliko urefu wa kamba mara moja na nusu, akiwemo anayepiga video.