Programu inapokatala kuanza: mbele ya kulaumu ordinatere, tuangalie maagizo

Katika nyumba nyingi za Kolwezi, Likasi, Kipushi na Lubumbashi, kuko mtoto mmoja mwenye kusoma informatiki. Baba anafanya posti ya usiku, mama anauzisha sokoni. Makuta yenye kuingia, sehemu moja inaenda kwa minervali, sehemu ingine kwa ordinatere ya okazio, ingine tena kwa mega za telefone. Kiisha siku moja mtoto anakuja na uso wa huzuni: « Mama, programu inakatala kuanza. Jana ilitembea, leo haitembee. Ordinatere ilikufwa. »

Maneno haya tunayasikia sana, na tunaona yanapofikisha watu. Familia inakopa makuta ya kununua ordinatere ingine. Ao mtoto anaacha masomo, anasema akili yake haitoshi.

Leo tunataka kusema jambo moja. Mara nyingi ordinatere ni nzima, na mtoto pia akili anayo. Kitu chenye kuharibika ni namna ya kuanzisha programu. Na kosa la namna ile halitafutwi kwa kubahatisha. Linatafutwa kwa mpango, hatua kwa hatua, sawa vile mchimbaji anavyogonga mwamba na kusikiliza mbele ya kuingia chini yake.

Toka jiwe mpaka shaba

Lugha moja yenye kufundishwa sana kwa wanafunzi wa programu ni Java. Ilitoka mwaka 1995 katika kampuni ya Marekani yenye kuitwa Sun Microsystems. Mkubwa wa wale walioitunga ni James Gosling. Mwaka 2010 kampuni Oracle ilinunua Sun, na Java ikaenda nayo.

Mwanafunzi anaandika maandishi ya Java, lakini maandishi yale ordinatere haiwezi kuyatumia vile yalivyo. Ni sawa na jiwe lenye kutoka shimoni: shaba iko ndani, lakini inapaswa kupita kiwandani. Kiwanda cha Java kinaitwa JDK. Kinageuza maandishi kuwa faili zenye kuitwa klasi. Kiisha mashini ya Java inasoma zile klasi na kuzitembeza.

Ju ya kazi hii yote, wanafunzi wanatumia karakana moja kubwa yenye kila chombo ndani: NetBeans, Eclipse ao IntelliJ IDEA. Karakana hizi ni nzuri, lakini ziko na siri moja. Unapobonyeza kitufe cha kuanzisha, karakana inasoma karatasi yenye hauoni. Sisi tutaiita maagizo ya kuanzisha. Pale kumeandikwa mambo matano: klasi gani ianze kwanza, ni Java ya toleo gani itumike, faili zitafutwe katika dosie gani, programu ipewe maneno gani ya kuanzia, na memori kiasi gani. Jambo moja likiwa vibaya, programu inakatala, hata kama maandishi ya mtoto hayana kosa hata moja.

Makosa manne yenye kurudia kila siku

La kwanza: klasi haionekane. Ujumbe unasema « Could not find or load main class ». Maana yake mashini ilitumwa kwa mlango fulani, ikafika, ikakuta mlango haupo. Pengine mwanafunzi alibadilisha jina la klasi ao aliihamisha katika dosie ingine, lakini maagizo yanashika jina la zamani. Java inachunga sana herufi kubwa na ndogo: Mizigo na mizigo ni majina mawili mbalimbali. Pengine tena kiwanda kilishindwa kugeuza maandishi, na klasi haikuzaliwa kabisa. Basi angalia kwanza kama kuko mistari myekundu katika maandishi, kiisha usome jina katika maagizo herufi kwa herufi.

La pili: matoleo hayapatane. Ujumbe unaleta neno refu, UnsupportedClassVersionError, na namba mbili, kwa mfano 65.0 na 61.0. Watu wanaogopa, lakini hesabu yake ni ndogo: toa 44. 65 kutoa 44 ni 21. 61 kutoa 44 ni 17. Maana yake klasi ilitengenezwa na Java 21, lakini mashini yenye kuitembeza ni Java 17. Mpya inasoma kazi ya zamani, ya zamani haisomi kazi ya mpya. Jambo hili linatokea sana mwanafunzi anapobeba kazi kwa kile USB toka kwa rafiki ao toka masomoni. Dawa ni mbili: kuchagua Java ya toleo lile lile katika maagizo, ao kugeuza maandishi upya hapo hapo nyumbani. Haiombi kununua kitu chochote.

La tatu: faili iko, lakini mashini inasema haiko. Jina la kosa ni FileNotFoundException. Mtoto anaapa: « Njo hii hapa, ninaiona na macho! » Ni kweli anaiona, lakini mashini inatafuta katika dosie yenye kuandikwa kwa maagizo, si katika dosie yenye macho yake yanaangalia. Ni sawa na kumwambia mtu « leta nyundo yenye iko karibu na mlango » bila kumwambia mlango gani. Aangalie dosie ya kazi katika maagizo, kiisha ahamishe faili pale, ao aandike njia nzima ya faili.

La ine: memori haitoshe. Ujumbe unasema « Could not reserve enough space for object heap ». Programu iliomba fasi kubwa kuliko ile ordinatere inaweza kutoa. Mara nyingi mwanafunzi alinakili maagizo ya mtu mwenye ordinatere ya nguvu, na ndani kumeandikwa -Xmx4g, ni kusema giga 4. Kwa ordinatere ya okazio, aandike -Xmx512m. Kwa kazi za masomo inatosha.

Nukta na koma

Kuko kosa ingine yenye kutusumbua sana sisi wenye kuandika hesabu kwa Kifaransa. Tunaandika 3,5 na koma. Maandishi ya Java yanataka 3.5 na nukta. Mwanafunzi akiandika nambari za mizigo katika Excel ya Kifaransa, kiisha programu ikazisoma kwa agizo Double.parseDouble, programu itaanguka na kosa NumberFormatException, ju koma haikubaliwi pale.

Lakini tega sikio: agizo ingine, Scanner, linafuata lugha ya ordinatere. Kwa ordinatere ya Kifaransa linataka koma, kwa ordinatere ya Kiingereza linataka nukta. Njo maana programu moja inatembea vizuri kwa ordinatere ya profesere, na inaanguka kwa ordinatere ya mwanafunzi. Hakuna mwenye kusema uongo kati yao. Lugha inaweza kuwekwa katika maagizo ya kuanzisha, kwa maneno haya: -Duser.language=fr ao -Duser.language=en. Neno moja tu, na mabishano yanaisha.

Kusimamisha mashini na kuangalia ndani

Mpaka sasa tulisema juu ya programu yenye kukatala kuanza. Kuko mbaya zaidi: ile yenye kuanza vizuri, inatembea mpaka mwisho, na inatoa jibu la uongo.

Kila mchimbaji anajua uzito wa neno « teneur ». Unafika na mifuko yako, mashini inapima, namba inatoka, na namba ile njo chakula cha nyumba. Mashini ilifanya hesabu gani ndani, hakuna mwenye kuona. Basi tuchukue mfano wa programu ndogo yenye mwanafunzi yeyote anaweza kuandika: inapokea tani za mawe na teneur, inatoa tani za shaba. Tani 40, teneur 3 kwa 100. Mchimbaji anajua bila ordinatere: ni tani 1,2, kilo 1.200 za shaba. Programu inajibu: 0.

Hapa hakuna ujumbe mwekundu. Mashini inafikiri ilifanya kazi muzuri. Kinachohitajika ni chombo chenye kuitwa deboga. Wanafunzi wa Eclipse na wa IntelliJ IDEA wanakijua kwa picha ya mdudu kwenye kitufe chake. Mdudu yule ana historia: tarehe 9 Septemba 1947, huko Harvard, Marekani, mafundi walikuta kipepeo wa usiku ndani ya mashini kubwa Mark II, wakamshikisha katika daftari yao ya kazi. Neno lilikuwa tayari linatumika kati ya mafundi kwa kusema kosa, lakini siku ile walipata mdudu wa kweli.

Deboga inafanya kazi hivi. Mwanafunzi anaweka alama pembeni ya mstari mmoja, ni kusema: simama hapa. Anaanzisha programu kwa kitufe cha mdudu. Mashini inatembea, inafika kwa alama, inasimama. Sasa anaweza kusoma kila kitu chenye mashini inashika mukononi: tani = 40, teneur = 3. Anaisogeza mstari mmoja. Mstari ulisema: sehemu = teneur / 100. Anaangalia: sehemu = 0.0. Mwizi amepatikana! Katika Java, namba nzima ikigawanywa na namba nzima, inatoa namba nzima, na kipande kinatupwa. 3 kwa 100 inakuwa 0, na 40 mara 0 ni 0. Dawa ni kuandika 100.0 pa fasi ya 100. Shaba yote inarudi kwa ajili ya nukta moja na sifuri moja.

Alama inapopitwa bila kusimama

Wanafunzi wengi wanaacha deboga ju waliweka alama na mashini ikapita. Wanarudi kwa kubahatisha, wanabadilisha mistari usiku kucha, na kesho maandishi yameharibika kuliko jana. Kuna mambo ya kuangalia, na yanafuatana hivi.

Kwanza, kitufe. Kama alibonyeza kitufe cha kuanzisha tu, si kile cha mdudu, mashini haisimame. Pili, kuko kitufe kingine chenye kuzima alama zote kwa mara moja. Katika Eclipse kinaitwa « Skip All Breakpoints », katika IntelliJ IDEA « Mute Breakpoints ». Mkono ukikigusa bila kujua, alama zote zinalala. Tatu, pengine klasi zenye kutembea ni za jana, na maandishi yenye kuangaliwa ni ya leo. Afute klasi za zamani na kugeuza yote upya. Ine, pengine programu haifike kabisa kwa mstari ule. Basi aweke alama kwa mstari wa kwanza wa programu, kiisha afuate njia yake polepole.

Na akipata ujumbe « Address already in use », ajue mlango umekwisha kushikwa. Mara nyingi mwenye kuushika ni programu yake mwenyewe ya asubuhi, yenye alifikiri ilikufwa kumbe inatembea kimyakimya. Kitufe cha mraba mwekundu kinaisimamisha. Kama haionekane, agizo jps lenye kuja pamoja na JDK linaonyesha kila programu ya Java yenye ingali hai.

Kwa baba na mama

Tunajua wazazi wengi watasema: sisi hatukusoma Java. Haizuie kusaidia. Mtoto akisema programu inakatala, umuulize maulizo matatu. Ujumbe unasema nini, neno kwa neno? Nini kilibadilika toka siku ilipotembea? Ulikwisha kuangalia maagizo ya kuanzisha? Ujumbe unakuja kwa Kiingereza mara nyingi, na mtoto anaukimbia kwa sababu hiyo. Aandike katika daftari ujumbe na dawa yenye ilimsaidia. Mwisho wa mwaka daftari ile itakuwa na bei kuliko mega nyingi. Na siku kuranti na mega ziko, afikirie kuweka JDK moja ndani ya kile USB, toleo lile lile lenye kutumika masomoni.

Wachimbaji wetu wanatoa kobalti, na dunia inapata zaidi ya nusu ya kobalti yake hapa Kongo. Sehemu ya kobalti ile inaingia katika batri za ordinatere na telefone. Itakuwa haya kama watoto wetu wataendelea kuogopa mashini yenye kubeba jiwe la mikono ya baba zao. Na faida yake haiko paka kazi ya biro. Mtoto mwenye kujua kusimamisha hesabu katikati na kusema « tuone hii namba ilitoka wapi », siku moja atasimama pembeni ya mizani na kuuliza ulizo lile lile kwa ajili ya mifuko ya baba.