Kuogelea: Mchezo wa Kale, Kinga ya Maisha

Kuogelea ni miongoni mwa michezo ya kale ya binadamu. Michoro ya miambani ya Gilf Kebir, nchini Misri, yenye umri wa maelfu ya miaka, huonesha watu wanaofanana na waogeleaji. Katika Olimpiki ya Athens mwaka 1896, wanaume walishindana baharini. Bwawa lilitumika London mwaka 1908, na wanawake walianza kushiriki Stockholm mwaka 1912. Tanzania iliwakilishwa Paris mwaka 2024 na Collins Saliboko na Sophia Latiff.

Kipawa, kata ya Ilala iliyo jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, haina ufukwe. Hata hivyo, mkazi wake huvuka kwa kivuko kwenda Kigamboni, hupanda boti ya Zanzibar na hupumzika Coco Beach. Ajali za MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018 zilidhihirisha ukubwa wa hatari ya maji.

Kwa sababu hiyo, mtoto hana budi kufundishwa mapema, kwenye maji ya kina kifupi na chini ya mwalimu: kwanza kudhibiti pumzi, kisha kuelea, ndipo apige mbizi. Umoja wa Mataifa umetenga Julai 25 kuwa Siku ya Kuzuia Kuzama Duniani.